Usiku Niliomuua Mrembo

Kwenye kadi ya gari iliandikwa "nyekundu". Aliyeniuzia aliapa ni jekundu. Mimi mwenyewe nilipoliangalia niliona jekundu. Mke wangu akatoka mlangoni, akalitazama, akazunguka nyuma, akarudi mbele, akasema, "Umenunua gari la pinki."

"Ni vumbi tu," nikamwambia.

Akapitisha kidole kwenye boneti. Kidole kikarudi na unga mweupe, na pale kilipopita pakabaki pinki ileile, ila safi zaidi.

Lilikuwa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989: viti viwili, paa la kitambaa la kukunja, na taa zinazoinuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura. Langu lilikuwa limekaa chini ya mti miaka minne. Mti ule ulikuwa umelimwagia kila ulichokuwa nacho, yaani majani, utomvu, ndege, na vya ndege. Kioo cha nyuma, ambacho kwa gari hili ni plastiki, kilikuwa kimepiga ukungu kama jicho la mzee. Halafu taa moja ilikuwa imekwama. Ukiwasha, moja inainuka, nyingine inabaki imelala. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa linakonyeza watu.

Akipenda, chongo huita kengeza. Nikalipa jina la Mrembo.

Nilimtafuta fundi wa diteilingi, wale wanaosafisha gari mpaka kwenye tundu la skrubu. Alikuja mtu mmoja mwembamba, mpole, anayeongea kana kwamba kila neno analilipia kodi. Akafungua begi, akatoa kidude kidogo cha kupima unene wa rangi, akakigusisha kwenye boneti, mlangoni, kwenye buti, akiandika tarakimu kwenye daftari. Mimi wakati huo nilikuwa upande wa mbele narekodi video ya Mrembo akikonyeza. Fundi alikuwa anaeleza jambo. Nilisikia vipande tu, vya maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita: "...maikroni tisini na kitu... unywele wa kichwa ni kama sabini... ukila zaidi unakuta chuma..."

"Sawa, fundi," nikajibu, bila kuangalia.

Baadaye niligundua kwamba kati ya vile vipande kulikuwa na sentensi moja muhimu kuliko zote, nami nilikuwa nimeikosa kwa sababu ya kurekodi jicho.

Nilimwomba niwe msaidizi wake. Alinitazama muda mrefu. "Ukiambiwa usiguse, hugusi," akasema. Nikaapa.

Siku ya kwanza tulianza na rimu, maana ndizo chafu kuliko bodi na hutaki uchafu wake uruke juu ya kilichokwisha oshwa. Fundi akapuliza dawa isiyo na rangi. Baada ya dakika chache rimu zikaanza kutoa machozi ya zambarau, kwani dawa ile inakutana na chembe za chuma zinazotoka kwenye breki, inaziyeyusha na kubadilika rangi. Ajabu ya kupendeza. Harufu yake sasa! Mayai viza, ndani ya banda lililofungwa. Mke wangu alipita mlangoni, akasimama, akaniangalia mimi, si rimu. Nilijaribu kueleza kemia. Akasema nipunguze maharage.

Usiku ule akaenda kukaa kwa dada yake siku mbili. Alisema ni safari iliyopangwa zamani. Sikubishana, ila mkumbuke hilo, maana litahitajika mbele.

Bodi tulilivika povu zito kwanza, tukaliacha litiririke na mchanga wake, ndipo tukaosha kwa ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia glavu, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi tena garini ukalikwaruza. Kisha fundi akanipa kazi yangu ya kwanza ya kiume. Nyuma ya viti vya gari hili kuna mirija miwili, mmoja kila upande, inayopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa na kuyatoa chini, karibu na tairi la nyuma. Miaka minne ya majani ilikuwa imeiziba. "Zibua yote miwili," akasema, akanipa waya laini wa plastiki, "halafu mimina maji, uyaone yanatoka."

Upande wa dereva nilizibua vizuri. Nilitoa majani, matope, na kitu kilichowahi kuwa mjusi. Nikamimina maji, yakatoka chini. Upande wa abiria mgongo ulikuwa unaniuma.

"Tayari?" fundi akauliza.

"Tayari," nikasema. Kwa hesabu ya nusu, nilikuwa mkweli.

Siku ya pili tulishika udongo. Si udongo wa shambani. Ni donge laini kama la watoto kuchezea, unaliteleza juu ya rangi iliyolowa maji ya utelezi, linang'oa utomvu na chembe zilizojikita ambazo sabuni haiziwezi. Fundi alinivisha mfuko wa nailoni mkononi akaniambia nipapase. Kwa mkono mtupu boneti ilikuwa laini. Kwa mfuko ilikuwa kama ulimi wa paka. Nikasugua, nikasugua, donge likaniponyoka, likaanguka sakafuni. Nikaliokota, nikalipuliza puu, nikataka kuendelea. Nilihisi baridi shingoni. Fundi alikuwa ananitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyedondosha mtoto.

"Limeshika mchanga," akasema. "Sasa hilo ni msasa." Akalitupa lote.

Jioni, bodi likiwa limepoa, akabandika utepe wa karatasi kwenye mipira ya vioo na kingo zote, akapanga taa zake, akaweka mashine ya polishi mezani pamoja na pedi mpya nyeupe pee. Halafu akagundua pedi ngumu zaidi kazisahau kwake. "Narudi nusu saa," akasema. "Usiguse."

Akaondoka. Nikabaki na Mrembo, mashine, na imani.

Nilitia kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, kwenye pedi, nyingi, maana gari lilikuwa na hali mbaya. Nikawasha mashine. Hapo ndipo kosa la kwanza: mashine huwekwa kwenye rangi kwanza, ndipo ikawashwa, tena kwa mwendo wa chini. Mimi niliiwasha hewani, kwa kasi ya mwisho. Kompaundi yote iliruka kwenye dari, ukutani, na kinywani mwangu, kwa kuwa nilikuwa natabasamu.

Mwanaume hakati tamaa. Nikaongeza nyingine, safari hii nikaigusisha boneti. Mashine ikanguruma vizuri, nikaenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama niliyezaliwa nayo. Nikainua nione kazi.

Pedi ilikuwa nyekundu.

Si pinki. Nyekundu, ya damu. Nikachukua taulo nyeupe nikafuta boneti, taulo ikawa nyekundu. Nikafuta uso kwa mkono, mkono mwekundu. Na kwa kuwa mashine niliiinua kabla haijasimama, fulana yangu, ukuta na miguu vilikuwa na matone mekundu kila mahali. Palepale vile vipande nilivyovisikia siku ya kwanza vikanirudia: rangi imebaki kama unywele na kitu, ukila zaidi unakuta chuma. Nilikuwa nimekula. Rangi ya Mrembo ilikuwa mikononi mwangu, tena yote.

Nikapiga simu kwa fundi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, hivyo ilibidi nipaze sauti. Ninayakumbuka maneno yangu yote, kwa sababu baadaye nilisomewa neno kwa neno.

"Fundi, rudi haraka! Nimemuua Mrembo!"

Kimya upande wa pili.

"Nilimgusa tu! Sasa ametapakaa huku kote! Nikifuta inazidi! Mikono yangu, ukuta, nguo, nyekundu tupu!"

Mkwaruzo. Fundi akauliza kitu kuhusu taa.

"Jicho moja liko wazi, jingine limefumba! Hasogei!" Halafu, kwa sababu niliona aibu mtu kuliona gari katika hali ile, nikauliza, "Nimfunike na turubai kabla majirani hawajamwona?"

Jirani yangu anaishi upande wa pili wa ukuta. Ukuta huo ni mwembamba kuliko rangi ya Mazda.

Jirani ni mtu mwema, na ana akili ya upelelezi. Alijua mke wangu hajaonekana tangu jana. Aliwahi kunisikia nikisema "Mrembo wangu" dirishani, akadhani, Mungu ambariki, ni jina ninalomwita mke. Basi akawaamsha vijana wawili, akachukua tochi na mpini wa jembe, wakaja kimyakimya mpaka mlangoni pa banda. Ili kuhakikisha, akapiga simu ya mke wangu, akitarajia kuisikia ikilia chini ya turubai.

"Haloo, shemeji?" mke wangu akaitika.

Nilichosikia mimi ni ukelele, simu kuanguka sakafuni, halafu mlango kufunguka pwaa. Walichokiona wao ni mtu mwekundu kuanzia nywele hadi ndala, ameshika taulo jekundu, amesimama mbele ya kitu kilichofunikwa nusu kwa turubai, na nyuma yake jicho moja linawaka.

"Jirani," nikasema, machozi yakinilengalenga, "umechelewa. Ameshaisha."

Kijana mmoja alikimbia, na hata leo hapiti mbele ya nyumba yetu. Mwingine alibaki kwa sababu miguu ilimgomea. Jirani aliinua mpini, akausahau hewani. Kutoka sakafuni sauti ya mke wangu ilikuwa inaendelea: "Shemeji? Kuna nini? Huyo anayelia ni mume wangu? ...Mrembo? Mrembo ni gari, shemeji. Lile la pinki."

Fundi alifika tukiwa hivyo. Akapita katikati yetu, akainua turubai, akatazama boneti, akatazama pedi, akatazama dari. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua analiweza. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Ndipo niliposikia ile sentensi niliyoikosa. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la klia, yaani vanishi isiyo na rangi, juu ya rangi, hivyo ukipiga polishi pedi inatoka na weupe. Lakini nyekundu hii ya zamani ilipigwa tabaka moja, bila klia. Rangi yenyewe ndiyo iko juu inakula jua. Tabaka la juu likifa linageuka unga wa pinki, na polishi inapolichubua, linatoka na wekundu wake. "Lazima pedi iwe nyekundu," akasema. "Isingekuwa nyekundu ndiyo ungenipigia simu." Akapima kwa kile kidude. Nilikuwa nimeondoa maikroni mbili, labda tatu. Kwa mtu aliyekwisha andaa mazishi, habari ile ilikuwa na aibu yake.

Akachukua taulo safi, akafuta sehemu niliyoisugua, akasogeza taa.

Sikutegemea. Katikati ya boneti ya pinki, ukubwa wa sinia, kulikuwa na wekundu mbichi, mzito, unaong'aa hata uso wa jirani ukaonekana ndani yake, mdomo wazi, mpini bado juu.

"Kumbe kweli lilikuwa jekundu," akanong'ona.

Kazi iliyobaki ilichukua siku mbili zaidi, nami sikugusa kitu. Pedi zilitoka nyekundu kama nyama buchani, akazifua, akaendelea. Mwishoni akapaka nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi. Niliona ni haki: majani ya mti mmoja yalimharibu, majani ya mwingine yakamremba. Taa iliyokwama hatukuigusa, kwani fundi alisema yeye si daktari wa macho.

Wiki ile mvua ikanyesha. Mtu mwenye nta mpya huisubiri mvua kama mkulima. Nikamtoa Mrembo nje kwa makusudi, nikakaa barazani na kiti changu usiku kucha nikitazama matone yakijikunja juu ya boneti kama shanga na kuteleza chini. Burudani isiyo na kifani. Maji ya juu ya paa sikuyafikiria yanakwenda wapi.

Asubuhi, kwa kumwomba radhi jirani, nikampa lifti. Alivaa viatu vya ngozi vya kazini, akakaa kiti cha abiria, akasifia. Kwenye kona ya kwanza tulisikia chubwi. "Tangi limejaa?" akauliza. "Limejaa," nikajibu. Kwenye kona ya pili, chubwi-chubwi, nyuma ya kiti chake. Halafu mbuzi akakatiza barabara, nikakanyaga breki.

Mvua yote ya usiku, iliyokuwa imejikusanya nyuma ya kiti upande ambao mgongo uliniuma, ikaja mbele kwa pamoja. Ilipita chini ya kiti, ikapanda viatuni, ikafika kwenye soksi, na ndani yake kulikuwa na majani ya miaka minne.

Jirani alitazama miguu yake muda mrefu. Jani moja likaelea, likatua juu ya kamba ya kiatu. Akatoa simu, taratibu, akatafuta namba.

"Haloo, shemeji?" akasema. "Uje. Safari hii ni kweli. Ila muuaji ni mimi."