Mwalimu hawezi kufumba macho

Kuna mwandishi anayedai misako ya wahamiaji huko Marekani haiwahusu walimu, wao wafundishe tu. Nakataa. Nimefundisha shule ya msingi Temeke miaka 11, na kuna mwaka baba wa mtoto wa darasa langu la tatu alichukuliwa usiku kwa suala la kibali cha kuishi nchini. Sikuambiwa na mtu, nilijua kwa mtoto mwenyewe: siku nne hakuja, aliporudi akahamia dawati la mlangoni, gari likisimama nje anainuka. Na watoto wawili majirani zake, Watanzania kabisa, nao wakafungiwa ndani na mama zao kwa hofu. Mtoto wa namna hiyo unamfundisha kugawanya vipi? Kule Marekani, Mahakama ya Juu iliamua tangu 1982, kesi ya Plyler, kwamba mtoto asiye na vibali asizuiwe shule ya umma. Lakini Januari 2025 serikali ikafuta mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji, isipokuwa kwa dharura, kukamata watu shuleni. Sasa mwalimu anyamaze? Walimu wenzangu, mtoto akikuuliza "nikirudi nitamkuta mama?" mnamjibuje?