Baiskeli ya Kubebwa

Ukitaka kununua baiskeli hapa Lubumbashi, nenda na gunia. Hata likiwa tupu, likunje uliweke kwapani. Mtu asiye na gunia akiuliza bei ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, watu wanaanza kumkagua. Hauzi makala, yaani mkaa? Hapeleki unga wa mahindi Ruashi? Hana hata kreti ya bia ya kufikisha Katuba? Sasa baiskeli ya nini, mzee mzima na kitambi chako?

Mimi naitaka ya mashindano. Na si yale mashindano ya barabarani mnayoyajua, ya vijana wembamba wanaosindikizwa na magari na kelele za honi. Naitaka ya saiklokrosi. Hapo ndipo ninapochoka, maana kila ninayemweleza ananiomba nirudie, na nikirudia anamwita jirani aje asikie naye.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mnatafuta uwanja mbaya, mbaya kweli, wenye tope, majani, mchanga na vilima. Mnachora mzunguko wa kilomita 3 hivi, mnauzunguka kwa muda wa saa moja mkiwa wanaume wa ngazi ya juu, chini ya hapo mkiwa watu wa kawaida. Njiani zimesimamishwa mbao za kimo cha hadi sentimita 40. Ukizifikia unashuka, unainyanyua baiskeli, unaruka, unapanda tena bila kusimama. Kilima kikikataa, unaitia baiskeli begani unakimbia nayo hadi juu. Yaani umetoa pesa yako kununua chombo cha kukubeba, halafu unakibeba wewe, na watu wanapiga makofi.

Mke wangu nilipofika hapo aliacha kusonga bukari.

"Papa Mado, na pale mwisho wanakupatia nini?"

Nikamwambia bingwa wa dunia huvishwa jezi ya rangi za upinde wa mvua.

"Jezi," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Aliyeniingiza humu ni mpwa wangu aliyeko Ghent, Ubelgiji. Kila wikendi ananitumia video, na kila video inakula bando langu la juma zima. Wabelgiji, jamani, kwa mchezo huu wana wazimu. Ni Desemba, baridi inakata masikio, mvua inanyesha, na maelfu ya watu wamesimama kwenye tope, bia mkono mmoja, viazi vya kukaanga mkono wa pili, wanamshangilia mtu aliyejaa udongo mpaka kwenye meno. Huko Koksijde wanawakimbiza kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari. Namur wanawapandisha na kuwashusha kwenye mlima wa ngome ya zamani. Mfalme wao ni Mholanzi, Mathieu van der Poel, ambaye mwaka 2025 alichukua ubingwa wa dunia kwa mara ya 7. Nilipomwonyesha jirani yangu, aliangalia kimya, kisha akauliza swali moja tu, la timu zetu za mpira: "Uyu ni wa Mazembe ao wa Lupopo?"

Na msidhani ni mchezo wa jana. Wafaransa walikuwa na ubingwa wao wa taifa tangu 1902. Yule Octave Lapize aliyeshinda Tour de France mwaka 1910 alikuwa akijinoa kwa kukimbia matopeni namna hiyo. Mwaka 1910! Mwaka ule ule Wabelgiji walikuwa hapa wanapima mitaa ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa kamba. Wakatuletea reli, tanuru la shaba, katekisimu na kodi ya kichwa. Saiklokrosi wakaificha.

Ilhali wenye tope ni sisi. Msimu wao unaanza vuli mpaka Februari, na mvua zetu zinafungua Novemba mpaka Machi. Kalenda imekubaliana yenyewe bila mkutano. Vilima hatuna, mji umelala, sawa, lakini tuna vichuguu. Mtu asiyefika huku kwetu Katanga akisikia kichuguu anafikiria kitu cha kuruka kwa mguu. Vya kwetu vinapita mita 5 kwenda juu, vingine vimeota miti, na mtu anaweza kufyatulia matofali nyumba nzima kutoka kimoja. Vijana wa mtaa wetu wamechora njia yao inayopanda kichuguu, inashuka upande wa pili, inapita kwenye mchanga wa bwana mmoja aliyeanza kujenga pesa zikamwishia. Huo ndio Koksijde wetu. Mwenye mchanga hajajua bado.

Kwa hiyo uwanja upo, tope lipo, miguu ipo. Kinachokosa ni baiskeli.

Nikamuuliza mpwa wangu bei. Alipovuta pumzi kwanza nikajua. Mpya, ile ya mwanafunzi, ya chini kabisa dukani, inapita euro 1000. Za mabingwa ni za kaboni, hazifiki kilo 8, na bei yake mimi naijengea vyumba viwili Kisanga. Tena bingwa hana moja tu. Akiichafua anaingia sehemu ya kubadilishia, anachukua safi, na fundi wake anaipiga ile chafu kwa mashine ya maji ya kasi. Mzunguko unaofuata anarudi, wanabadilishana tena. Hapa kwetu bomba likitoa maji usiku wa manane tunaamshana na mabidoni. Nikisema naosha kinga kila baada ya dakika nane, sitalala tena katika nyumba ile.

"Mjomba," kijana akaniambia, "usiangalie mpya. Tafuta kuukuu yenye breki za zamani."

Na hapo alisema neno la mtu mzima. Zamani kanuni za kimataifa zilikataza breki za diski kwenye mchezo huu. Walitumia zile za mikono miwili inayobana ringi, iliyochomoza pembeni, mbali na tairi, ili tope lipate pa kupita. Mwaka 2010 diski zikaruhusiwa, na taratibu watu wote wakahamia huko. Zile za mikono zimebaki kwenye magaraji ya Wabelgiji, nzima, zinaning'inia, bei imeanguka.

Nzuri sana. Ila ziko Ghent, na mimi niko Kampemba. Ipande meli mpaka Dar es Salaam, ipande lori, ivuke Zambia, ifike mpakani Kasumbalesa isimame kwenye ule mstari wa malori mnaoujua. Hapo kila mwenye kalamu aiandikie kitu. Mpwa wangu angenipa bure, na bado ingefika ikiwa na madeni kuliko mimi.

Nikaenda kwa muuza vitu vya okazyo, yaani mitumba, wale wanaoshusha makontena ya Ulaya. Friji, magodoro, gari la mtoto, televisheni zenye mgongo. Baiskeli zilikuwa nyuma. Ya kwanza aliyonitolea ilikuwa ya mama, ina kikapu mbele na kengele, na breki yake ni kurudisha pedali nyuma. "Hii ni ya kukimbia, patroni. Imetoka Brussels." Labda huyo mama alikuwa anakimbia.

Ya pili ilikuwa ya mbio kweli, ya barabarani, usukani umepinda chini, tairi nyembamba. Moyo ukaruka. Nikapitisha kidole kati ya tairi na fremu, kidole kikakataa kuingia. Ndiyo basi. Fremu ya saiklokrosi huachiwa nafasi pale makusudi, ili udongo upite, na tairi zake mashindanoni hazitakiwi kuzidi milimita 33. Na udongo wetu mwekundu una tabia ya kushika, kisha unashika ulichokishika. Ile baiskeli ingeingia matopeni ikageuka tofali kabla sijafika kwenye ubao wa kwanza.

Ya tatu ndiyo iliyonitesa. Ya safari, ya chuma, ina breki zile zile za mikono, nafasi ya tope ipo, gia zipo. Tairi tu ndizo zimeoza.

"Si kitu," akasema. "Ni 28. Soko la Kenya zimejaa 28."

Zimejaa, ni kweli, na Kenya hii ni mtaa wa hapa hapa mjini. Lakini sikilizeni uhuni huu, maana hakuna atakayewaambia. 28 ya sokoni, ile ya kinga za mizigo, mbavuni imeandikwa 28 x 1½, na inakaa kwenye ringi ya milimita 635. 28 ya yule Mbelgiji inakaa kwenye ringi ya milimita 622. Jina moja, tofauti milimita 13. Fundi alipoivisha mbele yetu, tairi ilicheza kwenye ringi, ikatoka upande huu, akairudisha, ikatoka upande ule.

"Pompa sana," muuzaji akashauri, "itajaa."

Nikamwambia tairi si tumbo. Akakasirika, akaipandisha bei, ile ile niliyokuwa ninaikataa.

Ndipo nikafikiria wauza makala. Hawa wanaingia mjini alfajiri kwa njia ya Kipushi, gunia juu ya gunia, hawaendeshi, wanasukuma, mvua inawapiga, tope linafika kwenye kifundo. Wakifika mteremko wanapanda juu ya mzigo, breki ni soli ya kandambili. Kama kuna watu wanaocheza saiklokrosi Katanga bila kujua ni hawa, na jezi hakuna anayewapa. Nikamkuta mmoja ameshusha mzigo, anakula mhogo wake chini ya mwembe, kinga imeegemea.

Nikaikagua. Fremu ilichomelewa nondo pande zote mbili, za jengo, zile zile za kumwagia zege. Uma wa mbele una uma mwingine juu yake. Kwenye usukani amefunga fimbo ndefu ya kusukumia, kwa vipande vya mpira wa ndani vilivyokatwa vyembamba. Pedali ya kushoto haipo, imebaki pini yake, imeng'aa kwa kukanyagwa.

"Hii kinga iko nguvu, patroni," akasema. "Inabebaka gunia tatu, hailie."

"Mimi sina gunia."

"Mama ndio atakaa nyuma?"

"Hapana."

"Batoto?"

"Hapana, ndugu yangu. Ni mimi nitaibeba. Huku begani, ninakimbia."

Akaacha kutafuna. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akaangalia kama nimekuja na mtu wa kunichunga.

"Weye njo utabeba kinga?"

Nikasema ngoja nijaribu kwanza. Nikaingiza bega kwenye fremu, nikanyanyuka, shingo ikaingia kifuani kama ya kobe. Nilipoishusha alikuwa ameshaongeza dola kumi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila hata kucheka: mtu anayenunua kinga ili aibebe, huyo pesa inamsumbua.

Mwisho nikapata kwa sentineli, yaani mlinzi, mmoja wa Golf, mtaa wa wenye nacho, ambaye bosi wake alihama akamwachia vitu vya uani. Baiskeli ya milimani, ya miaka ya 1990, ya chuma, haina springi hata moja. Zile za springi za bei rahisi msiguse, ni uzito unaoruka-ruka tu. Tairi zake ni 26, na 26 ya milimani ukienda sokoni ni ile ile, haikuchezei. Mpwa wangu akafurahi: hata huko kwao, watu wengi wanaoanza wanaanza na ya milimani kuukuu, na mashindano madogo hayawafukuzi. Usukani umenyooka, si wa mabingwa, na bomba la juu limeinama kidogo, begani halikai vizuri. Lakini nimeibeba nikazunguka nayo ua mzima na watoto wa jirani wamenifuata wakiimba. Mke wangu alitoka, akaiona, akazunguka nyuma yake.

"Ya kuwekea vitu iko wapi?"

Nikamwambia haina, na haitakuwa nayo. Kwenye saiklokrosi kila gramu unaipandisha wewe kwenye kichuguu. Hata chupa ya maji mabingwa hawaweki.

Breki zilikuwa zinapiga kelele, nikaipeleka kwa fundi. Nikamwachia asubuhi, nikamweleza pole pole: kaza breki, tia mafuta mnyororo, tairi usizijaze sana, kwenye tope wanakimbia na upepo usiofika hata bar 2. Akaitikia kila neno. Jioni nikairudia. Breki, nzuri. Tairi zimejazwa mpaka zinalia ukizigonga, maana, alisema, alizikuta zina njaa. Na nyuma, juu ya gurudumu, imechomelewa karia ya nondo, pana, imepakwa na rangi.

"Fundi, hii ni nini?"

"Nilikuona unateseka, patroni. Gunia mbili zinaketi pale bila shida."

Akanitajia bei ya nondo, ya kuchomelea na ya rangi. Nikamwambia sikuiagiza, aikate, aitoe sasa hivi.

Akafikiri kidogo, akasema kuitoa nayo ni bei hiyo hiyo.