Niliagiza Chai, Kichochoro Kikakimbia

Wengine wakisimulia kisa hiki pale kijiweni huanza na watu kukimbia. Mimi naanza na korosho, maana bila korosho nisingefika Saigon, na nisingefika Saigon yule mama asingemwaga ndoo nzima ya barafu kwenye jiko lake mwenyewe.

Ilikuwa 2019, mwaka mmoja baada ya msimu ule serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, zikasombwa na malori ya jeshi. Watu wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, hawahitaji nieleze zaidi. Mimi ni karani wa ghala katika chama chetu cha msingi cha ushirika huko Newala, na baada ya vurugu ile ikatokea safari: wawili kutoka kwetu waende Vietnam wakaone korosho ghafi yetu inafanywa nini ikifika kule. Wawili hao wakawa mimi na Mwenyekiti. Siku nne tukazungushwa viwandani mkoa wa Bình Phước. Mwenyekiti alikuwa anaokota korosho kwenye mkanda wa mashine, anainusa, anaigeuza, kisha ananinong'oneza, "Karani, hii ya kwetu hii," kwa sauti ya mtu aliyemkuta mwanawe jela.

Jioni ya mwisho tukarudishwa Saigon. Kwenye ramani ni Jiji la Ho Chi Minh tangu 1976, ila wakazi wake ukiwasikiliza utasikia Sài Gòn tu. Wenyeji wetu wakatulipia matembezi ya chakula cha mtaani: vijana wawili wa chuo wanakuja na pikipiki, wanakupakia, mnazunguka mnakula kidogo hapa, kidogo pale, mpaka tumbo liombe talaka.

"Yaani nimetoka Newala," Mwenyekiti akasema mlangoni mwa hoteli, "nimepanda basi, nimepanda ndege tatu, ili nije kupanda bodaboda?"

Tena dereva wake alikuwa binti. Yeye ndiye aliyejua Kiingereza vizuri, ndiye kiongozi wa msafara, na kwa macho yangu ya ghalani sikumpa zaidi ya nusu gunia. Mwenyekiti ni gunia na debe. Kule helmeti ni lazima kwa dereva na abiria tangu Desemba 2007, na Mwenyekiti hakuwa tayari kuvua kofia yake ya kiua mbele ya watu, basi helmeti ikakaa juu ya kofia, juu juu hivi, kama sufuria iliyowekwa kwenye mafiga mawili.

Kabla ya kuwasha pikipiki, binti akatuuliza umri. Mwenyekiti akanitazama: huyu vipi? Kumbe Kivietnam hakina "wewe" ya kumtupia kila mtu. Lazima wajue umri wako ndipo wajue wakuite nani. Mimi nikawa "anh", yaani kaka. Mwenyekiti akawa "bác", ambalo ni jina la ndugu wa baba aliyemzidi umri. Kwa lugha yetu, baba mkubwa.

"Mtoto huyu kafunzwa kwao," akasema, na akapanda nyuma yake bila neno jingine.

Sitaeleza barabara. Kama umewahi kuona siafu wakihama na kila mmoja amebeba jokofu, basi umeshaona. Kwenye mzunguko hakuna anayesimama, kila mtu anapenya polepole na wengine wanamkwepa. Nilikuwa nyuma, nikaona midomo ya Mwenyekiti inachezacheza chini ya helmeti. Tulipofika kituo cha kwanza nadhani alikuwa amemaliza Yasini.

Hapo kituo cha kwanza nilitaka kulia. Mama amekaa mbele ya chuma chenye vishimo vya duara, anamimina uji wa unga wa mchele na tui la nazi, anafunika, anafunua, anang'oa kwa kijiko. Vitumbua! Wao wanaviita bánh khọt. Mwenyekiti akarusha kimoja kizima mdomoni, akatafuna mara mbili, akasimama.

"Karani. Humu kuna mdudu."

"Kamba, Mwenyekiti. Ni kamba."

"Ndani ya kitumbua?"

Alikula tisa. Bei isikutishe ukiona noti zao: mwaka ule ulikuwa unatoa sifuri moja unapata shilingi zetu. Dong 50,000 ni elfu tano.

Chai ilianza kunisumbua kituo cha pili, mtaa wa Vĩnh Khánh, wakati ule Wilaya ya 4. Mtaa mzima ni konokono. Meza zimefika barabarani, watu wamekaa kwenye vistuli vya plastiki ambavyo kwetu ni vya kuogeshea watoto, magoti yamefika masikioni, na kila meza ina mlima wa makombe matupu. Binti akatuagizia ốc len xào dừa, konokono wa mikokoni waliopikwa kwa nazi. Mimi mama yangu ni wa Mikindani, nikaona hiki si kitu kigeni, hawa si ni tondo tu. Nikavuta kwa mdomo kama wanavyofanya wenyeji. Nazi yenyewe ilikuwa ya haki.

Mwenyekiti akakunja mikono. "Mimi nile konokono?"

Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba yeye na mimi tumelelewa kwa samaki nchanga. Msomaji wa mbali, samaki nchanga hana magamba, anaishi shimoni na ana mkia mrefu: ni panya wa shambani. Binti akataka kujua tunabishana nini, nikamweleza kwa kuzungukazunguka, na yeye akapiga makofi: kwao Mekong, mashamba ya mpunga yakishavunwa, babu yake huwatega na kuwachoma! Mwenyekiti alipotafsiriwa, akanyoosha mkono na kumshika mkono yule binti kama mtu aliyekutana na mkwewe. Konokono, hata hivyo, hakula.

Alichotaka ni chai. Tangu saa kumi alikuwa hajaitia mdomoni, na Mwenyekiti bila chai ya jioni kichwa kinamgonga. Binti alikuwa anaongea na mwenye duka. Nikamwita kijana anayehudumu, nikanyoosha vidole viwili, nikasema taratibu kwa kujiamini: "Chai." Nilishasikia kwamba neno hili limezunguka dunia nzima. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda, akarudi, akatuwekea mbele chupa mbili za bia na bilauri zenye mapande ya barafu.

Mwenyekiti akasogeza kistuli nyuma na kutazama kulia na kushoto, utadhani Bakwata, baraza la Waislamu la kwetu, wana tawi pale Wilaya ya 4.

Binti alicheka mpaka akashika meza. "Chai" kwa Kivietnam ni chupa. Na ukiifupisha kidogo hiyo "a", ikawa "chay", basi ni chakula kisicho na nyama. Hilo akatushauri tulishike, kwa kuwa tulishamwambia hatuli nguruwe: mkikwama popote semeni "chay". Nikasema "chai". Akasema hapana, "chay". Nikasema "chai". Tukaendelea hivyo dakika nzima, na mimi hadi leo naapa tulikuwa tunasema kitu kimoja.

"Sawa tu," akasema mwishowe. "Lakini sauti iwe imelala. Usiipandishe."

"Nikiipandisha?"

Konokono wengine wakaletwa, swali likapotelea hapo.

Kituo cha mwisho kilikuwa ndani ya kichochoro, wao wanaita hẻm. Kichochoro chenyewe pikipiki mbili zikipishana lazima mmoja avute pumzi ndani. Juu nyaya za umeme zimesukwa kama ukindu, pande zote mbili milango ya nyumba za watu, na katikati jiko refu la mkaa la mama mmoja aliyekuwa anachoma ngisi. Meza za jirani walikuwa na nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya lá lốt, ambayo kwa macho ni tambuu kabisa. Mwenyekiti akaanza kuuliza kama wana na popoo. Moshi ulikuwa mwingi. Naomba uukumbuke huo moshi.

Ngisi wakaja na kibakuli cha rojo la kijani. Binti akatuambia anatoka mara moja kusogeza pikipiki, zimeziba mlango wa mtu, na kwamba kile kibakuli tuchovye kidogo sana. Mimi nilisikia. Mwenyekiti alikuwa anatazama tambuu.

"Chatne ya kotmiri hii," akasema, na akachota kijiko kizima.

Sasa rojo lile ni pilipili mbichi zilizosagwa na chumvi, ndimu, na maziwa ya kopo. Maziwa ndiyo hila yenyewe. Yanatangulia kwenye ulimi, matamu, yanakukaribisha. Mwenyekiti akatabasamu. "Tamu, karani." Kisha nikaona jicho la kushoto linatoa chozi peke yake, la kulia bado halina habari. Kisha kofia ikasogea. Naapa ilisogea yenyewe. Akafungua mdomo, haikutoka sauti, akanishika shati, na neno la kwanza lililopatikana likawa lile alilokuwa analitafuta tangu saa kumi.

"Cha... chai..."

Mtu mzima anakufa mbele yako, ugenini, na ripoti ya safari hajaiandika. Nilisahau kulaza sauti. Nilisahau kila kitu. Nikasimama juu ya kile kistuli na kupiga kelele kama konda wa basi la Masasi:

"Chai! Chai! Chai!"

Kila moja imepanda juu kuliko iliyotangulia.

Kichochoro kikanyamaza kwa muda kama wa kupiga chafya. Halafu mzee wa meza ya jirani akageukia moshi, akaniangalia mimi niliyesimama juu ya kistuli nanyoosha mkono upande wa jikoni, na yeye akapaza sauti lile lile neno langu. Mwingine akalidaka. Vistuli vikaruka. Madirisha ya juu yakafunguka, bibi mmoja akatoa kichwa na kukirudisha, akashuka na televisheni. Mwenyekiti naye, kifua kimembana, akazidi kukoroma kwa sauti ya chini, nzito, iliyokatwa: "Chai. Chai." Kila alipokoroma, watu waliongeza mwendo.

Mama wa ngisi hakukimbia. Nataka hilo lijulikane. Alinyakua ndoo ya barafu ya kuwekea bia akaimwaga yote kwenye mkaa. Likatoka wingu la mvuke na majivu ambalo sijawahi kuona tangu nizaliwe, likajaza kichochoro chote, na wale wachache waliokuwa bado wanasitasita wakaona ushahidi. Nikabaki mimi, Mwenyekiti, mama mwenye ndoo, na ngisi mmoja aliyelowa.

Binti akaingia anakimbia kinyume na watu. "Nani amesema moto?"

"Mimi nimeagiza chai!"

Akakaa chini. Alikaa chini kabisa, kwenye sakafu yenye maji, akatoa kalamu na karatasi ya kufutia mikono, akaniandikia. Ninayo hadi leo. *Chai*, chupa. *Chay*, bila nyama. *Cháy*, sauti ikipanda, moto unawaka. *Chạy*, sauti ikikandamizwa chini, kimbia.

Yaani mimi nilikuwa natangaza moto, na Mwenyekiti nyuma yangu anatoa amri ya kukimbia.

Hapo ndipo nilipotamani kichochoro kinimeze. Nyumba zimebanana vile, mlango wa kutokea ni mmoja, moto kwao si neno la utani. Nilidhani tutapigwa. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, binti anawaeleza, nami naona uso wa kila mmoja unavyobadilika: kwanza hofu, kisha hasira kidogo, kisha wananitazama na kulirudia lile neno wakiwa wameshika mbavu. Bibi wa televisheni akacheka kuliko wote. Mwenyekiti alijaribu kumlipa mama mkaa wake kwa noti ya dong 200,000, mama akaisukuma. Akamwongezea pakiti ya korosho za kubangua kwa mkono alizokuwa amezitoa Newala kwa ajili ya wakubwa wa kiwandani. Hiyo akaipokea kwa mikono miwili, akazigawa meza hadi meza.

Na chai ikaletwa. Kumbe wanaiita trà. Ilikuja kwenye bilauri refu, ya barafu, haina sukari, haina maziwa, haina hata tangawizi. Mwenyekiti akaitazama kwa muda mrefu, macho bado mekundu.

"Karani," akasema, "ndiyo hii tuliyofukuzia watu?"

Asubuhi yake, chumba cha chakula cha hoteli, mhudumu akatujia na daftari na kalamu, akainama kidogo kusubiri agizo. Nikavuta pumzi. Kabla sijatoa silabi ya kwanza, mkono wa Mwenyekiti ukatua juu ya mdomo wangu, na kwa mkono wa pili akamwonyesha mhudumu birika la meza ya jirani.