Vyumba viwili vyenye paa au boma la vyumba vinne?

Mtu akijenga vyumba viwili, sebule na choo cha ndani kwenye kiwanja chake cha Chanika au Kibaha, hachelewi kuulizwa: "Hilo banda la uani, nyumba yenyewe lini?" Ushauri unaofuata ni ule ule: piga msingi wa vyumba vinne mara moja, nyanyua boma, yaani kuta bila paa, mengine yatakuja taratibu.

Ushauri huo una hoja. Pesa iliyogeuka tofali haikopwi na shemeji, na saruji ya mwakani aghalabu huwa ghali kuliko ya leo. Tena kuongeza nyumba baadaye kuna kasoro zake: msingi mpya hutitia wakati wa zamani umeshatulia, ufa ukatokea kwenye kiungo, paa likavuja hapo hapo. Kwa anayekaa nyumba ya mwajiri au ya familia bila kodi, boma kubwa ni akiba nzuri.

Mpangaji je? Boma halisitishi kodi. Hesabu nyingi tunazopewa saiti huishia kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na baada ya lenta ndipo zinapokuja mbao za kenchi zinazobeba paa, bati, milango, grili, plasta, waya za umeme na shimo la maji taka. Mwenye boma anatafuta bati huku akilipia kodi miezi sita kwa mkupuo. Mwenye vyumba viwili vilivyoezekwa anahamia sakafu ikiwa saruji tupu, na kodi aliyookoa inanunua mlango.

Ila udogo peke yake hauokoi kitu ramani ikiwa na kona nyingi, na hapa ndipo fedha hupotea bila mtu kujua. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 8: eneo ni mita za mraba 64, ukuta wa nje mita 32. Ramani ya eneo lile lile, yenye vyumba vinavyochomoza na kuta zinazoingia ndani, hufika mita 40 kirahisi. Mita 8 za ziada zikinyanyuliwa mita 3 ni mita za mraba 24. Kwa tofali la inchi 18 kwa 9, yaani kama matofali 10 kila mita ya mraba, hayo ni 240, ya msingi hayamo. Plasta hupigwa ndani na nje: mita za mraba 48, na rangi vivyo hivyo. Juu, kila kona ya ndani huleta mfereji kwenye paa. Bati hukatwa mshazari, vipande hutupwa, na maji hupenyea pale. Chumba hakijaongezeka hata kimoja!

Kwa hiyo fedha ya mchoraji na mkadiriaji majenzi, ambayo wengi huiruka, ndiyo ya kutoa kwanza. Mwombe mchoraji achore nyumba nzima ya baadaye, kisha mkadiriaji akadirie sehemu ya kuanzia mpaka kitasa cha mwisho. Kasoro za kuunganisha nazo hupungua zikifikiriwa mapema. Paa la pande mbili hurefushwa kwa kuendeleza kenchi; la pande nne lazima lifumuliwe upande mmoja. Msingi wa pili uchimbwe kina sawa na wa kwanza, hadi udongo mgumu. Ukuta utakaotobolewa uwekewe lenta ya mlango leo, uwazi uzibwe kwa matofali. Siku ya kuongeza chumba fundi atayatoa hayo tu, nanyi mtaendelea kulala upande wa pili.