Vijana mnaotafuta nyumba Tanga, msiikimbie nyumba ya mirathi

Kama wewe na mwenzio mmejikusanya mkapata hela ya kununua nyumba ya kwanza hapa Tanga, anzeni kutafuta kwenye nyumba za zamani, Ngamiani, Makorora, huko huko mjini, kabla hamjapanda bajaji kwenda kuonyeshwa mapagale ya Pongwe na Mwakidila. Najua nyingi ya hizo nyumba za zamani ni za mirathi na najua mnachoambiwa na kila mtu, "mirathi usiguse, utanunua kesi". Mimi sikubaliani kabisa.

Nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu na mkewe kwenye hii shughuli, wote wawili wana kazi, wamechoka kulipa kodi ya miezi sita sita, na nilichokiona ni kwamba madalali wa Tanga siku hizi wimbo wao ni mmoja, bomba la mafuta. Kiwanja kiko porini hakina hata njia, ukiuliza mbona bei hii unaambiwa bomba linakuja Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka baharini kwetu, na bandari imepanuliwa, ukichelewa bei inapanda. Sawa, bomba ni kweli na bandari ni kweli, lakini havikuvutii maji ya Tanga UWASA wala nguzo ya umeme mpaka kwenye kiwanja chako cha mwisho wa njia. Mnanunua pagale kwa hela yote mliyonayo, alafu bado bati, milango, madirisha, shimo la choo, kuvuta maji, kuvuta umeme, na huku mlipopanga kodi inaendelea. Nimeona ndoa changa zikigombana kwa sababu ya mifuko ya saruji miaka nenda miaka rudi na inaniuma, maana ni watu waliopendana vizuri tu.

Nyumba ya Ngamiani unaijua ilivyo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma. Haina masta wala jipsam. Ila maji yapo, umeme upo, sokoni unaenda kwa mguu, na mnahamia wiki ile ile mliyolipa, vyumba vya mbele mnapangisha na hela ya wapangaji ndiyo inayorekebisha nyumba, chumba kimoja kimoja.

Na kwa nini zinauzwa? Reli ilianza kujengwa kutoka hapa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, ukaja mkonge, ikawepo bandari, mababu zetu wakatoka kila upande kuja kutafuta kazi na wakajenga kwenye zile barabara zenye namba. Mkonge ukaanguka, watoto wakaenda Dar, wengine Mombasa, wengine Oman. Mzee akifariki nyumba moja ina warithi chungu nzima na anayekaa humo ni mjane au dada mmoja tu aliyeachika. Wanataka kuuza wagawane. Mimi hapo sioni balaa, naona familia inayotaka kumaliza jambo lake.

Shida inaanza pale anapokuja mtu mmoja, mara nyingi kaka mkubwa, ana ofa ya zamani, ile barua ya kupewa kiwanja, imekunjwa mfukoni, ana haraka, anataka muandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa kesho asubuhi. Kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu mamlaka ya kuuza nyumba ya marehemu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo, kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Kwahiyo ombeni karatasi ya usimamizi, chukueni namba ya shauri mwende mahakamani kuliona jalada wenyewe, muangalie kama hiyo nyumba imeandikwa kwenye fomu namba 5 ya orodha ya mali za marehemu. Kama nyumba ina hati, msimamizi anaandikishwa kwanza kwenye hati kama msimamizi, ndipo anaihamishia kwenu. Akikwambia hayo mambo mtafanya baadaye mkishalipa, mwambieni na hela nayo baadaye.

Alafu warithi wenyewe, na hapa ndipo nawaomba msione uvivu. Watafuteni wote, mmoja mmoja, hata kwa simu, waweke sahihi kwamba wameridhia. Familia zinazogawa kwa sheria ya Kiislamu kila mtu ana fungu lake, mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, mtoto wa kike nusu ya wa kiume, kwahiyo shangazi, binti wa marehemu aliyeolewa Mombasa, ana haki yake ndani ya ule ukuta hata kama hajakanyaga Tanga tangu mazishi. Na sheria ya ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi. Miaka 12 jamani! Mmeshazaa, mmeweka taili, mmebadilisha bati, ndipo mtu anagonga hodi na wakili wake.

Kuna nyumba moja tuliipenda sana, karatasi zote ziko sawa, msimamizi ni mtu mstaarabu. Tukakaa uani na bibi mjane, wifi yangu akamuamkia akamuuliza taratibu, "Bibi, wewe ukitoka hapa unaenda kukaa na nani?" Bibi akanyamaza kwanza, alafu akasema, "Wanangu hawajaniambia." Dalali akasema hayo ni ya familia, sisi tulete hela. Wifi akakataa, na mimi nilimuunga mkono mia kwa mia na bado namuunga. Sahihi ya bibi ilikuwepo kwenye karatasi, lakini mtu hawezi kulala kwenye chumba ambacho kuna mzee ametolewa bila kujua anapelekwa wapi. Wanawake wanauliza maswali ambayo wanaume wanayaruka wakiwa bize kupima kuta, ndiyo maana nasema mtafute wawili, asiende mume peke yake.

Mengine ni ya kawaida. Fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, angalieni hati imebakiza miaka mingapi maana zipo za miaka 33 na zipo za 99, angalieni deni la kodi ya pango la ardhi, na muandike kwenye mkataba nani analipa kodi za mauzo. Ile asilimia kumi ya bei ya nyumba mnayodaiwa na serikali ya mtaa, ombeni muonyeshwe sheria inayosema hivyo.

Na mkishapata, andikeni majina mawili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inawahesabu mume na mke kuwa wamiliki pamoja kama ardhi ilipatikana kwa ajili yao wote, isipokuwa hati yenyewe iseme vingine, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini kwa nini mumuachie hakimu kazi ambayo kalamu inaimaliza leo? Mdogo wangu nilipomwambia alisema "dada hata hilo halina mjadala", nikafurahi sana.

Sasa hivi wana nyumba nyingine wanayoifuatilia, Ngamiani hapo hapo, warithi wamesaini wote isipokuwa shangazi mmoja ambaye yuko Mombasa na anasema atakuja baada ya mfungo. Muuzaji anataka walipe nusu wakati wanamsubiri. Nimewaambia hapana, hela ikae benki mpaka shangazi aje.