Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apangiwe chumba, asichague

Wiki chache kabla chuo hakijafunguliwa, wanafunzi wapya huanza kusakana mitandaoni. Anatafutwa mwenza wa chumba anayelala mapema, anayependa muziki uleule, ikiwezekana aliyetoka shule ileile. Wazazi nao hutia mkono. Wasiwasi huo nauelewa, maana kulala chumba kimoja na mtu usiyemjua si jambo dogo. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mwaka wa kwanza mwanafunzi apangiwe wa kukaa naye, hasa kwenye vyuo vyenye koleji za makazi, ambako watu wanalala, wanakula na kusomea mahali pamoja.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwaondolea wanafunzi wapya nafasi ya kujichagulia wenza wa chumba. Uongozi uliona wanaochaguana ni wale wale waliokwisha kufanana. Kwenye Chuo Kikuu cha Yale nako, mwanafunzi hupangiwa koleji yake kabla hajafika. Koleji za kwanza za Yale zilifunguliwa mwaka 1933 kwa fedha za Edward Harkness, tajiri aliyegharamia pia nyumba za makazi za Chuo Kikuu cha Harvard zilizoanza kupokea wanafunzi mwaka 1930. Pale Harvard, rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, alikuwa amechoka kuona watoto wa matajiri wakijitenga kwenye majumba ya kifahari ya mtaa wa Mount Auburn huku wasio na kitu wakikaa kwao. Alitaka wachanganyike.

Lakini Lowell huyo huyo ndiye aliyewazuia wanafunzi weusi kuishi katika mabweni ya mwaka wa kwanza, hadi bodi ya chuo ilipomkatalia mwaka 1923. Jambo hili linaniuma, na halipaswi kurukwa. Hata waliohubiri mchanganyiko walijua vizuri kwamba anayelala jirani na nani ni suala zito, ndiyo maana wakapigania kuamua nani aingie na nani abaki nje.

Uzito huo umepimwa. Wanasaikolojia Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichunguza makazi ya wanafunzi wenye familia pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1950. Wakazi hawakuchagua majirani. Ila miongoni mwa waliokaa mlango wa pili, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu. Waliokaa ncha mbili za korido moja, asilimia 10 tu. Waliokuwa karibu na ngazi walijuana zaidi na watu wa ghorofa ya juu. Basi ukimruhusu mwanafunzi ajipangie jirani, umemruhusu ajipangie, kwa kiasi kikubwa, watu watakaokuwa rafiki zake, na hapo ana miaka kumi na minane na hajakutana na mtu yeyote.

Urafiki unataka muda, na bweni ndilo lenye muda huo. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall alikadiria kwamba watu wawili huhitaji kama saa 50 pamoja ndipo watoke kwenye kujuana tu, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa ndani. Saa 200 hazipatikani kwenye hafla ya kuwakaribisha wageni. Zinapatikana mlangoni. Mlango umeachwa wazi, umezuiwa na kiatu. Mtu anapita na taulo begani akielekea bafuni, anasimama kuuliza kama swali la tatu la hesabu umelipata. Mnabishana. Wa chumba cha pili anasikia, anakuja na daftari lake. Baada ya nusu saa yule wa kwanza bado kaegemea fremu, taulo liko pale pale, na mazungumzo yamehama kabisa kutoka kwenye hesabu, mtu anasimulia habari za mama yake anayeumwa.

Bwaloni ni hivyo hivyo, ila kwa masharti. Meza ndefu husaidia kuliko meza za watu wawili wawili, kwa sababu aliyekuja peke yake ana pa kuketi bila kuomba ruhusa. Mwanafunzi mpole, asiyejua kuanzisha maneno, anaokolewa na mambo kama haya kuliko na michezo ya kujitambulisha, ambayo wengi huivumilia tu.

Kuna watakaouliza: na anayepangiwa mtu wa kumtesa? Swali ni la haki. Anayetukana, anayeleta wageni usiku kucha au anayemdharau mwenzake kwa dini au rangi yake, huyo hafai kuvumiliwa kwa jina la kuchanganyika. Kubadilisha chumba kuwezekane, haraka, bila mlalamikaji kuonekana mkorofi. Mshauri wa korido, mara nyingi naye ni mwanafunzi, afundishwe kusuluhisha na alipwe kwa kazi hiyo. Tofauti ndogo, kama taa kuzimwa saa ngapi au dirisha likae wazi au la, waandikiane makubaliano wiki ya kwanza wakati bado wana adabu ya ugeni.

Mwaka wa pili wachague wapendavyo. Watakuwa na watu wa kuchagua kutoka kwao.