Juya la Mama Mkwe

Jamani, msiende haja wakati wa mkutano. Mimi nilitoka mara moja tu nyuma ya banda la barafu, hata dakika mbili hazikutimia. Narudi, nakuta watu wananipigia makofi. Nikadhani kuna mtu kaposa. Kumbe nimechaguliwa kiongozi wa doria wa BMU yetu, yaani kikundi cha kusimamia ufuo wetu wa uvuvi, kwa kauli moja, mimi ambaye nikiona mbwa mbele yangu navuka barabara. Nikauliza, "Kuna mshahara?" Mwenyekiti akajibu, "Kuna thawabu." Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, nikingoja amalizie. Alikuwa ameshamaliza.

Kwa asiyejua mambo ya pwani, hizi BMU zina kanuni zake tangu 2007. Wavuvi, wachuuzi, mama karanga wanaokaanga samaki, mafundi wa mashua, sote tumetiwa kapu moja tujichunge wenyewe tukishirikiana na serikali. Wazo zuri sana. Ni kama kuwaachia waalikwa wa harusi sufuria ya pilau na kuwaambia kila mtu ajipakulie kwa kiasi.

Nisiseme uongo lakini, shida yenyewe ipo. Mimi nimekulia hapa Malindi kwa tafi wa kugawana: kichwa cha baba, mgongo wa wageni, mkia wa watoto, na mama anasema ameshiba. Siku hizi tafi anakaangwa mzima, analiwa mzima na miba yake, na ukimaliza unaitazama sahani ukijiuliza kama kweli kulikuwa na mtu. Juzi nilinunua fungu la shilingi 100. Macho yalikuwa mengi kuliko nyama. Nikayahesabu, yakafika 25. Hilo la 26 mpaka leo sijui limeenda wapi.

Basi baada ya uchaguzi tukaitwa semina. Semina naipenda, kuna soda na mahamri. Bwana mtaalamu akaja na michoro yake akaanza kutufunza samaki, sisi tuliozaliwa ndani ya mtumbwi. Tukamwacha aseme. Lakini ikawa kila akitaja samaki, wazee wanaacha kutafuna. Akasema pono anavyoguguna mwamba kula majani yake, ndivyo anavyosafisha mahali matumbawe yapate kuota tena, na kile anachokitoa nyuma ndicho mchanga mweupe. Tukatazamana. Kuna vijana wetu hapa wanauza picha za macheo kwenye mchanga huo kwa Kiitaliano fasaha! Akasema tena kikande, yule tunayemtupa kwa ngozi yake ngumu, ndiye anayekula vile vidude vya miiba mieusi vinavyotutoboa nyayo. Mkimmaliza kikande, vidude vinazaana, vinautafuna mwamba mpaka unabaki kama jino bovu. Hapo mzee mmoja akaangalia mguu wake.

Akafika kwa tewa. Tewa, anasema, huanza maisha akiwa jike, akiishakua ndipo anageuka dume. Ukumbi ukanyamaza. Mzee wa msikitini akakohoa. Mtaalamu, maskini, akaendelea: kwa hiyo mkivua wadogo, mmewavua kabla hawajazaa, na mkiwamaliza wakubwa, mmemaliza waume. Mvuvi wa mshipi akanyosha mkono. "Bwana, wadogo tusivue kwa kuwa hawajazaa, wakubwa tusiwamalize kwa kuwa ni waume wa watu. Sisi tuvue nani?" Mtaalamu akanywa maji. Akasema wa katikati, na wakubwa kwa kiasi. Kisha akagawa rula.

Rula hii ndiyo iliyoniharibia nyumba. Ni ya plastiki, ina picha za samaki na alama za urefu. Siku ya kwanza niliingia nayo jikoni nikapima samaki waliokuwa wakingoja kuingia kwenye mafuta. Wote kumi hawakufika alama. Nikasema, "Mama watoto, hawa kisheria bado wako shule." Hakusema neno. Usiku ule nilikula ugali na chumvi, tena chumvi yenyewe niliitafuta kwa tochi.

Nitoke kidogo niwaeleze kuhusu mzee wa malema, ile mitego ya kusuka, jirani yangu. Aliambiwa aache upenyo mwembamba kwenye pembe ya lema lake, wadogo wapate kutoka. Alikasirika karibu alie. "Miaka 50 nasuka lema samaki asitoke, leo nimwekee mlango wa nyuma?" Akalifanya moja kwa ajili ya kutuaibisha. Akalizamisha, akaenda kulitegua mbele ya mashahidi. Vidogo vimejiendea, na waliobaki ni changu na tafi wa kushika kwa mikono miwili. Akawatazama muda. Sasa hivi malema yake yote yana upenyo, na ukimuuliza anasema alifunzwa na marehemu babake.

Kisha tukapelekwa ziara Kuruwitu, huko chini upande wa Vipingo. Wale ndugu tangu 2005 walitenga kipande cha bahari yao, hekta 30 hivi, wakakiita tengefu, marufuku kuvua. Mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sisi tulienda kuangalia kama ni kweli au ni picha za simu. Tukavishwa miwani ya kuzamia, tukaingia.

Jamani. Samaki wa kule hawakimbii! Pono anakuja mpaka kwenye pua yako, anakuangalia kama karani wa benki, anaendelea na shughuli zake. Kangaja wanapita makundi kwa makundi. Mwenzangu mmoja, mvuvi wa jarife, ule wavu wa kunasa samaki, alianza kutetemeka mikono kama mtu aliyekaa mbele ya sambusa dakika tano kabla ya magharibi. Tulipoibuka nikamsikia anahesabu peke yake, "Yule mia tatu. Yule mia tano. Lo, yule wa bluu, ada ya shule muhula mzima." Mwenyeji wetu akamwambia taratibu, "Wakijaa humu, kaka, wanamwagikia nje, na nje tunavua." Mwenzangu akauliza, "Nje ni wapi hasa?" Walibidi wamkalishe.

Na si kwamba ni jambo geni. Sisi hapa tunayo hifadhi ya baharini ya serikali tangu 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Ila hiyo tumezoea kuiita ya watalii, kwa hiyo ikifanikiwa hatuoni kama tumefundishwa kitu.

Sasa doria. Kwanza tulingoja mafuta ya boti. Kuna ofisi fulani, siitaji, siku ya kwanza boti ipo na mafuta hayapo, ya pili mafuta yapo na mwenye ufunguo yuko mazishini, ya tatu mwenye ufunguo amerudi na mafuta yameenda naye sijui wapi. Nikasema tutembee kwa miguu. Ilikuwa bamvua, mwezi mkubwa. Alfajiri tukaona watu wamejipanga mafungu mawili wanakokota.

Juya hilo. Marufuku tangu 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Ukiliona likifanya kazi utaelewa kwa nini. Mtumbwi unazungusha wavu, halafu watu wanavuta kamba kuja pwani, na chini linafagia kila kitu: majani ya bahari, vipande vya matumbawe, kaa na watoto wake, viatu. Kifuko cha nyuma kabisa wameshonea chandarua. Kile kile cha kliniki, cha bure! Sisi tunaliwa na mbu, na kinachokingwa mbu ni dagaa.

Nikapiga filimbi. Wote wakatimka, wakaniachia pwani tupu. Isipokuwa mmoja, ambaye hakujisumbua hata kugeuka. "Shemeji," akasema, "pole na kikohozi. Nimekisikia tangu kule kwenye mkadi." Alikuwa mdogo wa mke wangu. Kabla sijatia neno akanipa kamba. "Nishikie hapa mara moja nitafute tochi, lisije likarudi na maji." Nikashika. Wavu ukavuta, nikavuta. Ukavuta zaidi, nikakaza mguu kwenye mchanga, nikasema na "haya-haya" kama desturi. Ndipo wenzangu wa doria wakafika mbio, wakanimulika usoni. Kiongozi wao, peke yake pwani, anakokota juya.

Niliwaeleza. Nimeshaeleza mara kumi. Bado pale kijiweni nikipita wanasema, "Haya-haya."

Juya likakamatwa, likawa kidhibiti. Kwa kuwa ile ofisi haina stoo, kidhibiti kikalala kwangu. Siku tatu, tena za joto la kaskazi. Magamba, utelezi, kipande cha pweza kilichokwama kwenye fundo. Paka wa Shela walikuja, wa Maweni wakafuata, mpaka wengine sikuwatambua lahaja. Walikaa mbele ya mlango wakinitazama kama wadai. Jirani akapiga simu kwenye ile ile ofisi kuripoti kwamba mimi naficha wavu haramu. Hapo walikuja haraka, na mafuta yalipatikana.

Ukachomwa hadharani. Moshi mweusi, hotuba, picha. Nikarudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye jamvi langu, buibui limefungwa kiunoni.

"Baba," akaniambia, hakuniita mwanangu, nikajua. "Umenichomea hela ya chama."

Kumbe nyuzi za juya lile yeye ndiye aliyetoa. Nikamwambia, "Mama, ni sheria, tangu 2001." Akasema, "Mwaka huo wewe ulikuwa hujaja kuniomba binti. Laiti na hilo wangelipiga marufuku."

Kisha akaniambia maneno ambayo semina nzima hakuna aliyeyatia kwenye michoro. Vijana kumi na wanne wanakula pale, hakuna hata mmoja mwenye mtumbwi. "Mshipi unataka mashua. Mashua inataka mashine. Mashine inataka tajiri. Na tajiri akishakupa mashine, samaki wote ni wake, kwa bei yake, mpaka ufe. Juya linataka mikono tu." Nikanyamaza. "Kusi likianza, hao wa mitumbwi wenyewe hawatoki. Wewe utakuwa kitandani na rula yako. Hao watoto wale nini?" Nikanyamaza zaidi. "Na anayekuja kwenye karai langu na shilingi ishirini, nimkatie tewa?"

Nilitaka kumwambia kwamba hao samaki wa ishirini wangeachwa miezi kadhaa tu wangekuwa wa mia, na kwamba hao vijana kumi na wanne kila wakivuta wanapunguza kesho yao wenyewe. Ni kweli kabisa, mimi mwenyewe naamini. Lakini tumbo halijawahi kuongea kwa wakati ujao. Basi nilichosema ni, "Chai, mama?"

Wiki iliyofuata mwenyekiti akaitisha mkutano: na sisi tutenge tengefu letu. Safari hii sikwenda haja, nilijibana. Wote wakaunga mkono. Wote! Nikafuta machozi. Kisha ukaletwa mchoro wa pwani, ichaguliwe sehemu. Wa malema wakasema pafungwe pale kwenye mwamba wa nje, ambapo ni pa washipi. Washipi wakasema majani ya bahari ndiyo mazalio, yaani pa malema. Wa jarife wakasema wao hawana neno popote, ili mradi pasiwe mahali wanapopita, na wao wanapita kote. Wanawake wanaochokoa pweza wakasema wako tayari kuacha mwamba wao miezi mitatu kama wenzao wa Pate, Lamu, mradi wanaume nao wafunge chao kwanza. Saa tatu za majadiliano. Mwishowe tukakubaliana kwa kauli moja kutenga pale mbele ya bomba la maji machafu, ambapo tangu nizaliwe hajawahi kuvuliwa kitu isipokuwa ndara.

Mzee wa malema akasimama. Akasema ukiwapa samaki choo, nao watakupa choo. Mkutano ukaahirishwa, turudi Jumamosi na mchoro mwingine. Shemeji alikuwepo, amekaa nyuma kabisa. Akauliza kitu kimoja tu: wale watakaolinda hilo tengefu wanahitaji kuwa na mtumbwi? Mwenyekiti akasema hapana, macho tu na miguu. Akaandikisha jina. Wenzake sita wakaandikisha nyuma yake. Kuhusu malipo mwenyekiti alitaka kusema thawabu, nikamkanyaga mguu.

Ijumaa mama mkwe akaja na sinia limefunikwa kawa. Akaliweka mbele yangu, akakaa. Nikafunua. Wali wa nazi, mchuzi wa ukwaju, na juu yake tafi wa kukaanga, mwekundu, mkia umejipinda juu. Harufu ilinipeleka mpaka utotoni. Sikuuliza ametoka kwenye mshipi au kwenye nini. Lakini mkono, kwa mazoea tu wallahi, ulikuwa umeshaingia mfukoni, na rula imeshatoka nusu.

Mke wangu akaniangalia. Mama yake akaangalia rula.

Nikairudisha. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba samaki akikaangwa hujikunja, kipimo chake hakiaminiki.

Akasema, "Kula."